Dobi na Kambare wa Mwanawe

Siku ya kwanza kambare alipokataa chakula, dobi alidhani ni deko tu. Samaki aliyelishwa kwa mkono miaka saba ana haki ya kudeka kidogo. Alimdondoshea vipande vitatu vya maini ya kuku, vikazama vikalala kwenye changarawe, na yule samaki hakutikisa hata sharubu. Dobi akamwambia, kama anavyowaambia wateja wenye haraka, kwamba kesho nayo ni siku. Kisha akaenda zake kazini.

Huyo kambare mwenyewe si samaki wa mapambo, msije mkadhani. Ni kambare hasa, mweusi, mrefu kuliko mkono wa dobi kuanzia kiwiko hadi ncha ya vidole, kichwa bapa, masharubu manane. Aliletwa nyumbani akiwa mdogo kama kidole. Mwana wa dobi, dereva wa lori, alimwona sokoni kwenye ndoo ya chambo, akamwonea huruma, akamnunua. Akamweka kwenye chupa ya kioo, ikawa ndogo. Akamweka kwenye beseni, likawa dogo. Mwishowe akaunda tangi la kioo lililokula ukuta mzima wa sebule, na kochi likahamishiwa ukumbini. Dobi alilalamika sana. Alisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na huyu yuko mwaka wa pili hajashika hata mpini. Basi jina la Mgeni likamganda tangu hapo.

Mwana mwenyewe sasa hakuwepo. Alikuwa gerezani, mwaka wa tatu. Alfajiri moja alimgonga mtu wa baiskeli, hakusimama, akaja kujifungia chumbani kwake siku mbili hali wala hanywi. Polisi walipobisha hodi na kuuliza, aliyefungua mlango ni dobi. Angeweza kusema hayupo. Mama wa kijana, kama angekuwa hai, pengine angesema hivyo na angeapa juu yake. Dobi alisema, "Yupo ndani." Yule mtu wa baiskeli alikuwa ameshazikwa, na dobi alikuwa amesikia kilio kikipita barabarani. Watu walimsifu kwa uadilifu wake, hata wateja wakaongezeka, na kila sifa ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mwanawe hakumtukana. Afadhali angemtukana! Kila Jumapili ya pili, saa nne asubuhi, simu ililia kutoka gerezani, wakapewa dakika kumi, na dakika zote kumi zilikuwa za samaki. Mgeni anakula? Maji yana rangi gani? Bado anakuja juu ukigonga kioo? Dobi alijibu kwa kirefu, akirefusha kwa makusudi, hata kinyesi cha samaki alikieleza. Habari zake mwenyewe hakuulizwa hata siku moja, naye hakuthubutu kuuliza za mwenzake. Aliwahi kujaribu, akauliza kama huko kuna baridi. Simu ilinyamaza kimya mpaka dobi mwenyewe akarudi kwenye habari za masharubu. Alijua bila kuambiwa na mtu: siku Mgeni akifa, yeye na mwanawe hawatakuwa na la kusemezana.

Haya, sasa tuje kwenye kosa.

Ilikuwa imebaki miezi miwili kijana atoke. Dobi akaamua akute nyumba inang'aa, na mtu aliyeshindana na madoa miaka arobaini akisema usafi, si usafi wa mimi na wewe. Alishusha mapazia akayachemsha. Alipaka rangi chumba cha kijana. Alisugua hata nyuma ya mlango wa choo, mahali ambapo hapana mwanadamu anayepatazama. Jumatatu moja akafika mbele ya tangi. Kioo kilikuwa na ukungu wa kijani, na lile sponji la kuchujia maji lilijaa tope la kahawia, linanuka mtaro. Kijana alikuwa amemwagiza alisuuze kidogo tu, ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe, basi. Miaka mitatu dobi alifanya hivyo na kila mara roho ilimkwaruza. Kulisuuza doa kwa maji machafu! Siku hiyo akasema imetosha. Alimhamishia Mgeni kwenye pipa, akamwaga maji yote, akasugua changarawe kwa brashi ya kola, na sponji akaliloweka mchana kutwa kwenye dawa ya kung'arishia mashuka. Akalisuuza mara saba. Likatoka jeupe, utadhani shuka la hoteli. Akajaza maji mapya ya bomba, akamrudisha samaki mahali pake, akavuta kiti akaitazama kazi yake. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya polisi alijiona baba wa mtu.

Maini yale yalikataliwa Jumatano. Ijumaa asubuhi Mgeni alikuwa amesimama wima kama ufagio, kichwa juu, mkia chini, akitwetea hewa. Tumbo lilikuwa limeiva wekundu, ngozi imetoka utando mweupe, na masharubu mawili yalikuwa yamekatika nusu. Dobi hakufunga hata mlango wa nyumba. Alikwenda mbio kwa kinyozi.

Kinyozi huyu alikuwa na tangi dukani kwake, la kijani kibichi, ukiangalia huoni samaki mpaka aje kukugusa pua kwenye kioo. Kila dobi alipokwenda kunyolewa alimwambia aone haya kuwakalisha wateja kando ya bwawa la vyura. Lakini ndiye aliyemfundisha kijana kufuga samaki, na siku ile alimwacha mteja na shavu moja lina ndevu, la pili halina, akamfuata dobi nyumbani. Alilitazama tangi linavyometameta. Akalitoa sponji, akalinusa, akamgeukia dobi akiwa amekunja uso, akamuuliza amelifanya nini. Dobi alieleza yote, mwanzo kwa fahari kidogo, halafu sauti ikaanza kupungua.

"Ndugu yangu," kinyozi akasema, "ule uchafu ndio uliokuwa unamweka hai."

Akamfafanulia taratibu. Kwenye tope lile waliishi vijidudu wasioonekana, na kazi yao ilikuwa kula sumu ya mkojo na kinyesi cha samaki. Dawa ya mashuka imewamaliza wote. Sasa Mgeni anaogelea ndani ya sumu yake mwenyewe, na masalia ya dawa pamoja na ukali wa maji ya bomba vimemuunguza ngozi. Dobi akakaa chini sakafuni. Miaka yote ya kazi hakuwahi kuunguza hata kola ya mtoto.

Kinyozi alikwenda kukata nusu ya sponji la tangi lake, na dobi mwenyewe akalibeba kuvuka barabara kwa mikono miwili, likimchuruzikia tope kwenye shati jeupe mpaka kiunoni. Waliomwona walidhani amepatwa na wazimu. Wakalikamulia ndani ya tangi, maji yakawa kama chai. Akapewa masharti: kila siku atoe robo ya maji na aongeze yaliyokwisha kulala kwenye pipa siku nzima, chumvi kiganja kimoja, basi, chakula asimpe mpaka apate nguvu, na mkono wenye sabuni usiguse maji hayo kabisa. Hilo la mwisho ndilo lililomfunga. Mkono wa dobi una sabuni hata ukiuosha. Akafunga duka. Wateja walikuja na maneno makali, akawarudishia nguo zao chafu vilevile kwenye mafurushi, akawaomba radhi, akarudi kukaa sebuleni.

Kambare anahitaji kuja juu kumeza hewa, na Mgeni nguvu hizo hakuwa nazo tena. Alipanda nusu ya njia akazama. Basi dobi akapanda juu ya stuli, akaingiza mkono ambao haukugusa sabuni tangu duka lifungwe, akamwekea kiganja chini ya tumbo na kumwinua mpaka mdomo uguse hewa. Akimeza, anamshusha. Baada ya muda, tena. Ngozi yake ilikuwa baridi na ya utelezi, na dobi aliisikia ikipiga, sijui ni moyo au ni pumzi. Alimwomba msamaha kwa sauti. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, anamwomba msamaha kambare, na kulia analia.

Siku ya sita Mgeni alipanda juu peke yake. Siku ya saba alimeza kipande cha nyungunyungu, na dobi alicheka mpaka jirani akachungulia dirishani. Siku ya tisa, Jumamosi, alimkuta amelala chini, tumbo juu, mdomo wazi.

Kinyozi alikuja wakamzika uani pamoja. Wakiwa wananawa, akamshauri asiseme kitu. Kambare ni kambare, wote wana masharubu. Miezi miwili si haba, atamtafutia wa ukubwa uleule. "Kesho mwambie hajambo. Uongo wa kujenga hauna dhambi." Dobi akaendelea kunawa. Na alilipokea lile wazo, tusimsingizie utakatifu. Alilala nalo, akaamka nalo, akaona kwamba safari moja aliyosema kweli ilimpotezea mtoto, na hii ya pili itamalizia. Saa nne kasorobo alikuwa ameshaketi mbele ya simu, na jibu la uongo liko tayari mdomoni.

Simu ikalia. Wakasalimiana kwa ile salamu yao ya haraka.

"Mgeni hajambo?"

Dobi akafungua mdomo. "Mgeni amekufa," akasema. "Nimemuua mimi."

Akaeleza yote, hakuacha kitu: rangi ya chumba, mapazia, sponji, dawa ya mashuka, kiganja chini ya tumbo. Alipoishiwa na maneno, akangoja.

"Ulimfua, Baba?"

"Nilimfua, mwanangu. Nilitaka ukute pasafi."

Ikasikika sauti ambayo dobi hakuweza kujua ni kicheko au ni kilio, pengine hata mwenyewe aliyeitoa hakujua. Ikaendelea kitambo. Nyuma yake askari akasikika akisema zimebaki dakika tatu. Dobi akashika simu kwa mikono miwili, akijua kwamba samaki amekwisha na hakuna kingine.

"Na wewe, Baba?" kijana akauliza. "Wewe unaendeleaje?"

Dobi hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Alitafuta pa kuanzia, akaona ni mengi, ya miaka mitatu. Mwisho akaanza na magoti, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yakimuuma asubuhi ile kwa kusimama juu ya stuli, na dakika tatu zote zikaishia kwenye magoti.