Diski Isiyohitaji Rimoti

Mimi huchoma diski River Road, ghorofa ya pili, mlango unaotazamana na fundi wa mihuri. Watu hunicheka. Wanasema kila kitu siku hizi kiko kwenye simu, nani bado ana deki ya DVD? Nawaambia wakaulize kwao. Deki ziko huko nyumbani, zimefunikwa vitambaa vya kufuma, na zinafanya kazi. Kazi hii naijua, wala sioni haya kusema hivyo.

Diski yangu haitoki hapa kabla sijaijaribu kwenye deki kuukuu niliyonayo mezani. Deki hiyo ikiikubali, itakubaliwa popote. Mteja akiharakisha namwambia mwenda pole hajikwai, aketi. Diski ikichomwa mbio, kompyuta itaisoma, lakini deki ya zamani itakwamakwama kama mtu anayesoma risala aliyoandikiwa na mwingine.

Asubuhi moja aliingia dada anayefanya kazi ya nyumba kule Kileleshwa. Akatoa diski iliyofungwa kwa leso.

"Hii ilikataa kwa baba," akasema.

Ndani alikuwamo mama yake, akiwaongoza kina mama wa kanisa kuimba, amerekodiwa kwa simu miezi michache kabla hajafariki. Sauti yake nyingine haikuwapo popote. Siku ya ukumbusho jamaa walijaa nyumbani kwao, upande wa Kakamega. Mzee akavaa koti, akakaa mbele. Diski ikatiwa, deki ikaandika kwamba haioni diski. Ikatolewa, ikapanguswa, ikarudishwa, mambo yakawa yale yale. Mzee akainuka akaenda kukaa nje karibu na ng'ombe. Jioni akawaambia wasimletee tena vitu vya kumchezea.

"Nikipeleka ingine na ikatae, hatakaa mbele ya hiyo TV tena," dada akasema. "Baba namjua."

Nikaitia diski kwenye kompyuta yangu. Ikacheza vizuri kabisa, na hapo nikajua shida iko wapi. Aliyeichoma alimimina faili za simu ndani kama mahindi kwenye gunia, akaona zinacheza kwake, akaridhika. Deki ya mzee haijui faili za simu. Inataka video ipangwe kwa utaratibu wake yenyewe, na diski ifungwe mwishoni isiongezwe kitu. Nilikasirika. Kukosea ni kwa kila mtu, lakini huyu hakuuliza hata swali moja, na kuuliza si ujinga.

"Mpigie baba yako," nikamwambia.

Akampigia, akaniwekea simu mezani sote tusikie.

"Mzee, habari ya huko. Mimi ndiye nitakuchomea ile diski."

"Wewe ndiye ulichoma ile ya kwanza?"

"Hapana. Ningekuwa mimi, ungekuwa umeshaiona."

Nikamsikia akicheka. Akasimama mbele ya deki yake akanisomea yote yaliyoandikwa pale mbele, herufi moja moja, bila haraka. Nikamuuliza rimoti iko wapi.

"Rimoti ilikufa kitambo. Mimi nawasha zote kwa ukuta, TV na deki, pamoja."

Nikamshukuru Mungu kwamba nimeuliza. Wateja wengi hupenda diski ianze na ukurasa wa kuchagua, wenye maua na vitufe. Mzee asiye na rimoti angeyatazama hayo maua mpaka achoke. Nikaipanga ianze yenyewe: ikiingia tu, mama aimbe, na akimaliza arudi mwanzo. Nikaichoma polepole, nikaifunga, nikaandika jina juu yake kwa kalamu, maana karatasi ya gundi hubanduka ndani ya deki.

Deki yangu kuukuu ikaikubali. Dada akasikiliza wimbo wote akiwa amesimama, akafuta macho kwa mkono wa sweta. Nami nikajifanya natafuta kasha. Kazi yangu naiamini, lakini jioni ile nikirudi kwangu Kinoo niliomba kidogo.

Aliondoka nayo alipopewa likizo. Aliporudi mjini alinipitia, mkononi ana mfuko wa njugu.

"Ilicheza?" nikauliza, hata kabla ya salamu.

"Ilicheza. Sasa haitoki kwa deki."

Akanieleza kwamba kwao stima hupotea ovyo. Ikipotea, mzee hazimi kitu ukutani, anachukua jembe lake na kwenda shambani. Ikirudi, deki inaamka yenyewe, na mama anaanza kuimba nyumbani kukiwa hakuna mtu.

"Mara ya kwanza majirani waliogopa," akasema. "Wakamwambia azime. Baba akakataa. Sasa akisikia wimbo anaweka jembe chini, ananawa mikono, anakuja. Hata hakimbii. Anajua akifika atampata bado anaimba."