Kofia Juu ya Tufe la Kioo

Juzi nilimwona mjukuu wangu akichoma jani kavu kwa kitako cha chupa, na ule moshi mwembamba ukanirudisha kwa Mjerumani aliyepima jua, jirani yetu chini ya Mlima Meru.

Uani kwake palikuwa na tufe la kioo, na chini yake ukanda wa karatasi. Jua kali likipenya kioo liliuunguza ukawa mweusi. Wingu jepesi likipita, ulibaki na doa hafifu. Niliamini tufe lile linakula jua. Bibi aliamini hivyo pia, maana siku zile za mawingu ulezi wake wa pombe ya harusi ya shangazi ulikuwa umeanikwa juu ya ngozi ya ng’ombe, bado una maji, umeanza kunuka uchachu.

“Baba, lifunike mpaka ulezi wangu ukauke,” alimwambia kwa Kiswahili cha kuokoteza.

“Mama, halili jua. Linapima tu jinsi wingu linavyolipunguza.”

“Basi lipumzike.”

Mjerumani alicheka, akalivika kofia yake, akaingia ndani. Mimi na Bibi tulipofika mgombani kwetu wingu lilitawanyika. Bibi akalitemea jua mate ya baraka, kama alivyofanya kila asubuhi, na ulezi ukakauka.

Sasa najua tufe halikula kitu. Najua pia kwamba alasiri ile, jua lilipowaka kuliko siku zote, karatasi ya Mjerumani ilibaki nyeupe.