Siku Niliyomdakia Sir Ramil Mpira Wake

Jamani, hii aibu nilikuwa nimeikalia kimya, lakini kwa kuwa Nakato ameshaisimulia Deira nzima, na kila akiisimulia anaitia chumvi mpya, afadhali mnisikie mwenyewe: yule mwanamume wa kwenye video inayosambazwa kwenye simu, mwenye fulana ya njano, anayerukaruka kama kuku aliyekanyaga makaa, ndiye mimi.

Mimi ni mhudumu wa mezani kwenye hoteli moja pale Al Rigga, huku Uarabuni. Meneja wetu wa mgahawa, Sir Ramil, ni Mfilipino mpole asiyepandisha sauti hata mgeni akimwagiwa supu, ila ana ugonjwa mmoja tu, besiboli. Timu anayochezea ilikuwa imeingia fainali, na fainali hiyo, dhidi ya timu ya Wajapani, ingechezwa kwenye kile kiwanja chao kikongwe wanachokiheshimu kama kanisa (wanavua kofia langoni, sitanii), eti kwa sababu kilikuwepo kabla ya maghorofa yote yanayokizunguka na madawati yake ya mbao bado ni yaleyale. Tukatangaziwa kwamba asiye zamuni aje kushangilia, basi la hoteli lipo, biriani ipo.

Sasa, nafasi ya kapteni wa wahudumu ilikuwa wazi na mimi nilikuwa naitamani mpaka naiota. Wenzangu walipofika wakakimbilia kivulini huko juu, mimi nikajiambia, Wekesa, ukikaa huko nani atakuona? Nikashuka hadi dawati la mbele kabisa, juani, kando ya uzio mfupi wa waya, mahali ambapo Sir akigeuza shingo tu anaona ninavyompenda. Yaani kosa lenyewe lilikuwa hilo tu, la kuchagua pa kuweka makalio (niwieni radhi).

"Wekesa, rudi huku," akaniita Nakato, yule rafiki yangu Mganda wa usafi wa vyumba. "Mchezo wenyewe huujui!"

"Mpira ni mpira," nikamjibu, kwa madaha kabisa.

Kusema kweli sikuelewa kitu. Watu wanasimama tu, wanatema mate, mara mmoja anatimka mbio kama amekumbuka ameacha jiko linawaka. Lakini kufikia mwisho hata mimi nilijua tunaongoza, maana upande wetu wote ulikuwa umesimama ukishikana mikono: amebaki mpigaji mmoja wa Wajapani, mpira wake ukidakwa kabla ya kugusa chini, khalas, kombe ni letu.

Akapiga. Mpira ukaenda juu, juu kabisa, ukapinda, ukaanza kushuka upande wangu. Sir Ramil akaufuata mbio, glavu mbele, macho mbinguni. Na mimi kwetu Bungoma nilikuwa golikipa wa shule, na golikipa akiona mpira hewani hangoji ruhusa ya akili. Nikaruka, nikaunyaka kwa mikono miwili palepale kwenye mdomo wa glavu ya Sir, viganja vikawaka moto, nikauinua juu.

Uwanja ukalipuka! Nikapunga mkono huku na huku, nikaubusu mpira, nikakata kiuno kidogo, na nilikuwa katikati ya kiuno hicho nilipogundua kwamba wanaoshangilia ni Wajapani peke yao. Kwetu watu walikuwa wameshika vichwa kama wako matangani. Sir amesimama chini yangu, glavu bado wazi, ananitazama kama mtu aliyeibiwa na ndugu yake.

"Nilikuwa nao," akasema taratibu. "Wekesa, nilikuwa nao. Baba yangu anatazama kwenye simu."

"Samahani Sir, nilitaka kusaidia," nikasema, nikamnyooshea mpira. Ndiyo, nikamrudishia (Nakato anasema hapo ndipo alipojifunika uso na mkoba).

Wachezaji wetu wakamzingira refa wakilia kwamba nimeingilia mchezo. Refa akaja mpaka kwenye uzio akaniuliza, mikono yako ilivuka? Nami kwa kiherehere, nikitaka aone mimi ni mtu wa adabu nisiyevuka mipaka ya watu, nikaapa: "Wallahi sikuvuka, sir! Hata kidogo!" Kumbe ningesema nimevuka, mpigaji angetolewa na kombe lingekuwa letu. (Kwenye video kiwiko kizima kiko uwanjani.) Refa akaamuru mchezo uendelee, na yule Mjapani, baada ya kupewa uhai wa pili, akaugonga mpira ukapotelea kwenye maegesho ya magari, na kwenye besiboli mpira ukitoka nje hivyo, mpigaji na wenzake wote walio njiani wanahesabiwa pointi. Tukashindwa. Ndani ya basi hakuna aliyekaa karibu nami, na biriani yangu ilikuwa wali mtupu.

Wiki hiyo nilifungasha begi kimawazo kila nikisikia simu ya ofisi inaita, nikijua nafukuzwa. Mbaya zaidi, mila ya timu hizo ni kwamba walioshindwa huwaandalia walioshinda chakula cha mchana, na chakula kikawa hotelini kwetu. Nikajificha jikoni nikisugua sufuria safi, mpaka Sir akachungulia.

"Wageni wanakutaka."

Nilipotokea, Wajapani wakasimama wote wakapiga makofi, wakanivisha kofia ya timu yao, na nahodha wao akatangaza kwamba mdakaji bora wa fainali amepatikana. Wakataka picha, mimi na Sir katikati. Sir akanishika bega, akaachia lile tabasamu la hotelini.

"Cheka, Wekesa," akaninong'oneza. "Baba ameirudia video yako mpaka amepaliwa kwa kicheko. Anasema nikikufukuza, nisimpigie simu tena."

Kazi ikabaki. Ukapteni akapewa mhudumu mwenzangu Bashir, ambaye alilala kivulini mchezo mzima, mdomo wazi.

Tangu hapo, kitu kikija hewani, mimi mikono mfukoni. Juzi Nakato alinirushia funguo zangu nilizosahau kantini, zikanigonga katikati ya paji la uso, zikaanguka.

"We! Mbona hukudaka?"

"Nilingoja kwanza nijue ni za nani," nikamwambia.