Nuksi ya Sughra

Siku ya tatu ya ndoa yake, wifi yangu Sughra aliangusha wiketi bila kugusa mpira. Alikuwa amebeba sinia la chai, hina bado inang'aa mikononi, akasukuma mlango wa chumba cha wanaume kwa kiwiko. Mguu wake ulipovuka kizingiti, redio ikapiga kelele: wiketi imeanguka, mpigaji wetu bora ametolewa. Wanaume wote wakageuka kumtazama yeye, kana kwamba ndiye aliyerusha mpira. Wakacheka. Jioni akaingia kukusanya vikombe, akatolewa mwingine. Kesho yake akaingia na halua ya karoti, akatolewa wa tatu, na safari hii hakuna aliyecheka. Baba yangu, Mungu amrehemu, akajifuta masharubu na kusema, "Mtoto huyu ana mguu mbaya. Kriketi ikichezwa, asiingie humu."

Ikawa sheria. Redio ikaondoka, ikaja televisheni. Baba akaenda zake, na kaka yangu mkubwa Iftikhar akashika ukubwa wa nyumba. Lahore yenyewe, mji wetu, ilibadilika mpaka ukitoka kununua nyuzi unapotea njia, lakini sheria ile haikuguswa. Sughra alizaa, akasomesha, akaoza mabinti wawili, na bado mechi ikianza mtu alimwambia, "Shemeji, tafadhali," naye akarudi jikoni.

Mimi nilisema tangu mwanzo, na sikusema kwa kunong'ona. Mechi ya siku tano wiketi zinaanguka asubuhi mpaka jioni. Mwanamke anayeingia na kutoka na chai kutwa nzima atakosaje kukutana nazo?

"Nyinyi wanawake hamjui mambo haya," Iftikhar akanijibu. Yeye mwenyewe alikuwa na kanzu moja ya kijani ambayo haikufuliwa mpaka mechi iishe. Siku ya tano uliijua ilipo kwa kunusa tu.

Kinachoniuma ni kwamba Sughra aliupenda mchezo ule kuliko wote waliomfukuza. Alikuwa mtu wa mji wa Sialkot, baba yake mshona mipira ya kriketi. Alikua na vipande vya ngozi nyekundu ya mipira mapajani, na ncha za vidole vyake zilikuwa na alama za sindano ambazo hazijaondoka mpaka leo. Akisikia mpira umegonga gongo, alifumba macho kama mtu anayesikia jina lake likiitwa. Huyo ndiye tuliyemwita nuksi.

Mumewe, Munawwar, ni kaka yangu wa pili. Alikuwa mpole kupita kiasi, hakuwahi kubishana na baba wala na Iftikhar, na kwa hilo nilimkasirikia miaka mingi. Lakini alifanya jambo moja. Alikichukua kiti chake, akakisogeza hadi ukuta wa nyuma, ule unaopakana na jiko, nyuma ya wenzake wote. Mkononi alivaa pete ya feruzi. Tukipata mkimbio, yaani pointi moja, aligonga ukuta kwa pete, mara moja. Mpira ukifika mpakani, ambayo ni mikimbio minne, aligonga mara nne za haraka. Wiketi yetu ikianguka, aliikwaruza pete ukutani, mkwaruzo mmoja mrefu. Na upande wa pili, Sughra alikuwa ameegemeza bega palepale, anamenya njegere, anatabasamu peke yake.

"Mumeo anakupigia simu," nilikuwa nikimtania.

"Nyamaza, wifi, laini itakatika."

Wale wanaume walidhani kugonga kule ni wasiwasi wake tu. Kisha timu ikashinda mara mbili tatu, wakasema kiti cha Munawwar kina bahati, kisisogezwe. Bahati wakakipa kiti, wala hawakujua kilikuwa pale kwa ajili ya nani.

Baadaye moyo wa Munawwar ukaanza kumsumbua. Alipanda ngazi akasimama katikati, mkono kifuani, akisingizia anatazama njiwa wa jirani. Daktari akampa tembe ndogo za kuweka chini ya ulimi pale kifua kinapobana, akaonya zisicheleweshwe. Munawwar alizisahau kila alipozitia mfukoni, kwa hiyo Sughra akawa anazifunga yeye kwenye ncha ya mtandio wake. "Kifua kikikubana, niite," alimwambia kila asubuhi. Naye alimjibu, "Nitakugongea."

Ikaja mechi ile na India. Mechi na India si mechi. Maduka yanafungwa nusu, mazungumzo ya mahari yanaahirishwa, na mtu asiyejua gongo wala mpira anafunga saumu. Kwa siku nne tulikuwa tunazama na kuibuka. Siku ya tano alasiri tulibaki na wiketi moja tu, ikianguka tumekwisha, wapigaji wawili wa mwisho ambao kwa kawaida hata kivuli chao hawawezi kukipiga, na mikimbio tunayoidai bado mingi. Mtaa mzima ulikwisha kukata tamaa. Kisha wale wawili wakaanza kupata, mmoja mmoja, kwa bahati na kwa kujikwaa.

Kwetu, bahati ikikukuta umekaa namna fulani, unabaki hivyo hivyo. Aliyekunja mguu asiukunjue. Pervaiz, muuza mtindi, alikuwa amepita kuleta bakuli letu, na mipira ilipoanza kukubali alikuwa amesimama katikati ya chumba na bakuli mkononi.

"Pervaiz, usisogee!" tulimsikia Iftikhar akipiga ukelele.

"Bwana, dukani nimeacha mlango wazi."

"Wakuibie. Ukisogea, kesho tunakuzika."

Akabaki amesimama na mtindi wake mpaka mkono ukawa unatetemeka. Iftikhar mwenyewe alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye mlango, na hakuna wa kutoka wala kuingia.

Mimi na Sughra tulikuwa jikoni. Ukuta uligonga, ukagonga tena. Sughra aliacha njegere, akaweka kiganja ukutani. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Nilimwona msichana wa Sialkot, wallahi, uso wote umechangamka.

Kisha ukuta ukakwaruzwa. Mkwaruzo mrefu, ukishuka chini.

"Imekwisha," Sughra akasema, akajishika kichwa. "Wiketi ya mwisho. Tumefungwa, wifi."

Tukangoja vilio. Hakuna aliyelia. Si chumbani, si kwa jirani, si mtaani. Badala yake chumba kizima kikalipuka kwa furaha, "Mkimbio! Mkimbio!" Wiketi haikuanguka. Na ukuta ulikuwa kimya. Kelele ikaja tena, mpira umefika mpakani, watu wanamtaja Mungu kwa sauti ya juu, na ukuta kimya.

Sughra aligeuka kunitazama. Alikwisha kuelewa kabla yangu. Akafungua fundo la mtandio huku anakimbia, tembe ikabaki kiganjani, nami nyuma yake na unga mikononi. Akausukuma mlango, ukafunguka upana wa kidole, ukakwama mgongoni kwa Iftikhar.

"Fungua, shemeji. Mtazame Munawwar."

"Rudi!" Sauti ya Iftikhar ilikuwa ya kilio. "Shemeji, kwa ajili ya Mungu, si sasa!"

"Mtazame tu. Geuka umtazame."

"Anaomba dua. Sote tunaomba dua. Imebaki mikimbio sita."

"Basi mpe hii." Akapenyeza vidole na ile tembe. "Aweke chini ya ulimi."

"Nikinyanyuka hapa na wiketi ikaanguka, utawatazama watu kwa macho gani? Nenda zako, nakuomba. Dakika mbili tu."

Kwenye ule ufa niliona kiwiko cha Pervaiz na bakuli, basi. Kiti cha nyuma hakikuonekana. Nikamwambia Sughra, "Sukuma! Huyu ni mwembamba, tusukume wote." Nikaweka bega. Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Nikiingia, ikaanguka?" akasema.

"Ianguke! Kwani nini?"

"Wifi, nchi nzima. Na yeye mwenyewe. Ameingoja siku tano. Akifungua macho akaniona mimi mlangoni, na imeanguka, atasemaje?"

Miaka yote ile alikuwa akinong'ona nami jikoni kwamba ni upuuzi. Siku ile niliona kwamba walishamfundisha kuiamini nuksi ile, wakamaliza. Alisimama na kiganja juu ya mlango, macho amefumba, na nyuma ya mlango ule mume wake alikuwa anakufa, naye akawa anasikiliza mpira.

Tulishinda. Najua tulishinda kwa sababu mlango ulifunguka kwa kishindo, na Pervaiz akatupita mbio, mtindi umemwagika mpaka miguuni, analia kama mtoto. Fataki zililia juu ya paa. Watu wasiosalimiana walikumbatiana. Iftikhar aliruka, akawakumbatia waliokuwa mbele, akaenda nyuma kumkumbatia ndugu yake, "Munawwar! Munawwar, tumewafunga!" Akamvuta kifuani, na kichwa cha Munawwar kikalala begani kwake, kisiinuke.

Sughra alikuwa wa kwanza kumfikia. Alimfungua kinywa akamwekea tembe chini ya ulimi, akakifunga kinywa kwa mkono, akangoja. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba amechelewa. Barabarani ngoma zilikuwa zinapigwa, na tulipompakia kwenye gari vijana walituzuia njia wakicheza, wakidhani nasi tunasherehekea. Huko hospitali daktari aliuliza maumivu yalianza lini, na sote tukatazama chini. Akasema mapema kidogo tu pengine angewahiwa.

Kwenye matanga watu walijaa, na wengi walikuja bado wana furaha usoni wasijue waiweke wapi. Siku ya hitma Iftikhar alikuja kusimama mlangoni pa chumba cha Sughra. Macho yake yalikuwa mekundu, na naamini alidhani analeta faraja.

"Shemeji, Mungu akulipe," akasema. "Ndugu yangu amekufa ndani ya ushindi. Na umechangia wewe, maana hukuingia."

Nilitaka kumpiga kiatu. Sughra alimjibu, "Haya, shemeji," kama alivyomjibu siku zote.

Alikaa eda yake kimya. Alipotoka, baridi ilikwisha na timu yetu ilikuwa inacheza na Waingereza, mechi ya kawaida tu isiyomnyima mtu usingizi. Wanaume walikusanyika kama kawaida. Kiti cha Munawwar kilikuwa pale nyuma, kitupu, hakuna aliyethubutu kukikalia wala kukisogeza. Mimi nilikuwa naleta maganda ya machungwa niliyoyaanika uani nilipomwona Sughra akitoka jikoni, mikono mitupu, bila sinia wala kisingizio. Akausukuma mlango, akaingia.

Mguu wake ulipovuka kizingiti, wiketi ikaanguka. Naapa. Mpigaji wetu alikuwa amesimama imara tangu asubuhi.

Sughra alipita katikati yao, akaketi kwenye kiti cha mumewe, akajifunika mtandio vizuri, akatazama televisheni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona mchezo mchana kweupe ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hazikupita dakika nyingi, ikaanguka ya pili. Kisha ya tatu. Pervaiz akatazama kucha zake. Iftikhar jasho lilikuwa linamtoka ndani ya ile kanzu ya kijani.

"Shemeji," akasema mwishowe, kwa upole ambao hakuwahi kuutumia, "ungepumzika kidogo chumbani."

Sughra hakuondoa macho kwenye kioo. "Kumbe ni kweli," akasema.

"Kweli nini?"

"Kwamba mimi ni nuksi. Mlikuwa mkisema kweli siku zote." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeuliza chumvi iko wapi. "Basi siku ile ningeingia tu, shemeji. Ningeingia, wiketi ingeanguka, mechi ingekwisha. Mngefungwa, mngenuna, mngegeuka nyuma. Mngemwona."

Iftikhar akanyanyuka akazima televisheni, wenzake wakaokota viatu vyao mmoja mmoja, wakatoka bila kuaga. Nikabaki naye. Nilipiga magoti mbele ya kile kiti, nikamshika mikono, ile yenye alama za sindano, nikamwambia yale yale niliyoyasema tangu alipoletwa kwetu na hina mbichi: kwamba wiketi zinaanguka kutwa, aingie mtu asiingie, kwamba mguu wake ni mguu kama wangu, kwamba hakuna nuksi, hakuna, ni upuuzi wa wanaume.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akautoa mkono wake ndani ya yangu.

"Usiseme hivyo, wifi," akaniambia. "Kama si kweli, basi pale mlangoni nilisimama bure."