Siku Tuliyopeleka Gari la Haidrojeni Kujaza Gesi

Dada wa kituo cha gesi alichuchumaa ubavuni mwa gari letu, akafungua kifuniko, akachungulia. Akavuta mpira wa gesi na kuusogeza kwenye tundu. Ukagoma. Akaugeuza hivi, akaugeuza vile. Nyuma yetu kulikuwa na foleni ya bajaji na teksi, na sisi wenyewe tulikuwa tumesimama zaidi ya saa tatu mpaka kufika mbele. Mjomba wangu alikuwa kwenye usukani na shati lake la Ijumaa, anatabasamu kama bwana harusi.

"Shikamoo, baba," dada akasema akiinuka. "Gari hili linatumia gesi gani?"

"Marahaba. Hii hii. Gesi ya kwetu Mtwara."

"Mh. Tundu hili mimi silijui."

Nikaruka kutoka kiti cha mbele na furaha zangu. "Haidrojeni, dada," nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyesoma. "Haitoi moshi kabisa. Inatoa maji tu."

Akanitazama. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha. "Mdogo wangu, sisi tunajaza gesi asilia. Hiyo unayoitaja hapa haipo."

"Ipo kituo gani?"

"Tangu nianze kazi hii, wewe ndiye wa kwanza kuniulizia."

Dereva wa bajaji nyuma yetu akapiga honi. "Oya, mzee! Kama ni gari la maonyesho lipeleke Sabasaba! Sisi tuna abiria!"

Watu wakaangua kicheko. Mjomba hakugeuka. "Mama," akaniita, maana nimerithi jina la mama yake na hajawahi kuniita vingine, "anasemaje huyu?"

Nikarudi kitini, nikamwambia tuondoke kwanza. Na jua lile la saa sita lilivyokuwa linachoma! Tulipoanza kuondoka, yule dada akanishika mkono dirishani. "Msilazimishe," akaninong'oneza. "Gari hilo halikutengenezwa kwa gesi yetu. Mtalipuka."

Sasa nieleze nilivyolileta mimi balaa lile.

Niliacha shule kidato cha pili. Nauza makava ya simu Kariakoo, kwenye duka la familia moja ya Kiarabu, na wateja wakipungua nina mchezo wangu: natazama magari ya Japani kwenye simu. Kwetu mtu akitaka gari haendi kuligusa. Anaona picha, anapenda, analipa, anasubiri meli. Mtaa mzima ulikuwa unanijia nichague, wanasema nina jicho. Nami nilikuwa najiona kweli ninalo.

Mjomba aliendesha teksi miaka mingi, anabeba wafanyabiashara na marobota yao kutoka Kariakoo kwenda Magogoni kupanda kivuko. Teksi ilikuwa imezeeka, inakunywa petroli kuliko inavyofanya kazi. Akaniambia, "Mama, nitafutie kitu cha kunipumzisha." Nikatafuta siku nyingi. Ndipo nikaliona: jeupe, limejaa kama wingu, kilomita chache, bei ya chee. Magari ya umri wake yalikuwa yanauzwa karibu mara mbili. Nilitakiwa nijiulize kwa nini wenyewe wanaliachia hivyo. Sikujiuliza. Nilikuwa nasoma linavyokwenda mbali kwa kujaza mara moja, linavyojazwa kwa dakika chache, linavyotoa maji badala ya moshi. Usiku niliota Kariakoo nzima haina moshi, watu wanapumua.

Muuzaji aliniandikia ujumbe. Nitarudi kwenye ujumbe huo. Kwa sasa jueni tu kwamba wiki ile ile mjomba aliuza teksi yake kwa dereva mmoja wa Mbagala.

Gari lilipotoka bandarini lilikuwa na gesi kidogo tu, lakini lilitembea. Halikuunguruma. Liliingia mtaani kwetu kimya hadi kuku hawakuhama. Mama mkubwa akalifukizia udi ndani, kiti kwa kiti. Bosi wangu, mzee wa duka, akafunga duka kuja kuliona. Akainama nyuma, akaweka kiganja, matone yakamdondokea. "Wallahi ni maji!" akasema. "Nyie, njooni mshike! Ni maji!" Watoto wakapangana na vikombe tukawafukuza. Mjomba alicheka hadi akakaa chini. Siku ya pili yake ndiyo tukaenda kujaza.

Baada ya kukataliwa kituoni, mjomba hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja mtaa wa Gerezani, kwa fundi anayechonga vyuma, rafiki yake wa siku nyingi. Fundi akachungulia tundu, akapiga mluzi.

"Gesi ni gesi bwana. Nakuchongea kiungo, upande huu kinashika gari lako, upande huu mpira wao. Kesho asubuhi uko barabarani."

"Chonga," mjomba akasema.

"Anko, yule dada kasema..."

"Mama, kesho nina watu wananisubiri. Nikikosa kesho watamtafuta mwingine, na keshokutwa watakuwa wamenisahau. Chonga, fundi."

Fundi akapima tundu, akafunga kipande cha chuma kwenye mashine, akaiwasha. Nikaona chuma kinazunguka, cheche zinaruka. Akilini nikamwona mjomba yuko kituoni, ameinamia mpira ule. Kumwambia ni hatari kusingesaidia, angedhani naogopa tu kama mtoto. Kilichobaki ni kumwambia kwamba mimi ndiye niliyekosea, tena nilikosea wapi.

Nikatoa simu. Nikautafuta ujumbe wa muuzaji, nikausoma kwa sauti juu ya kelele za mashine: "Gari hili linatumia haidrojeni peke yake. Je, nchini kwenu kuna vituo vya kujaza?"

Nikasoma na jibu langu: "Vipo vingi."

Fundi akazima mashine mwenyewe. "Kumbe mliulizwa?"

Sijawahi kusikia neno dogo linaloumiza vile.

"Mama," mjomba akasema taratibu, "uliulizwa?"

"Niliulizwa, anko. Nilidhani wanasema vituo vya gesi vya bajaji. Niliona gesi ni gesi."

Akaichukua simu, akasoma midomo ikimcheza. Akasoma tena. Nilitamani anipige. Akanirudishia, akamgeukia fundi. "Acha. Toa hicho chuma."

Hatukukata tamaa siku hiyo. Wiki mbili nilizunguka nikiulizia. Kwenye ghala moja la mitungi ya gesi za viwandani nikakuta baba mmoja mpole, akaniambia haidrojeni inaweza kuagizwa kwenye mitungi, wenye viwanda huitumia. Nikaruka kwa furaha. Akaniacha niruke, kisha akauliza, "Na mashine ya kuisukuma iingie kwenye gari? Gari hilo linataka msukumo mkubwa mara kadhaa kuliko wa mtungi wangu. Mashine hiyo utaweka uani kwenu?" Gari zima, halina hata mkwaruzo, limeshindwa na kitu ambacho hakimo ndani yake!

Mpaka leo sisemi ni gari baya. Huko ambako mtu anatoka kazini, anapita kituoni, anajaza, anakwenda kwake, nadhani ni raha tupu. Ila mtu wa kawaida hanunui gari peke yake. Ananunua na barabara, na fundi, na mpira wa kujazia. Mimi nilimnunulia mjomba robo ya kitu.

Mwishowe mjomba akaliuza vipande vipande; wanunuzi wa vipuri wa Gerezani wakaja na spana. Wakachukua matairi, viti, taa, vioo. Walipong'oa mlango wa mbele nililia waziwazi, ile harufu ya udi ilikuwa bado inatoka. Matangi hakuna aliyetaka kuyagusa. Mjomba alinitazama nikilia, akasema, "Nenda kazini, utachelewa." Siku iliyofuata alianza kufanya deiwaka, anaendesha gari la mwenzake siku mwenyewe akipumzika. Nyumbani alikuwa anaitikia shikamoo yangu, basi.

Miezi kadhaa baadaye akaingia dukani mchana, jasho linamtoka, akakaa kwenye kiti cha wateja. "Toa simu."

Nikampa, nikidhani anakwenda kufuta kila kitu. Akanirudishia mkononi.

"Nitafutie jingine. Nimepata kianzio."

"Mimi tena, anko?"

"Nani mwingine anajua? Lakini usiniambie rangi. Niambie linakunywa nini, na linakunywa wapi."

Nikatafuta, nikafuta, nikatafuta tena. "Hili hapa. Petroli."

"Wapi?"

"Pale kona, anko. Ukitoka mlangoni unakiona kituo."

Akainuka. Nilidhani anatania. Akatoka hadi katikati ya njia, kati ya mikokoteni na akina mama wa ndizi, akaweka mkono juu ya macho kukinga jua, akakitazama kile kituo hadi alipoona gari linajazwa.