Kernel Niliyoifuta Kawangware

Kompyuta haikuwa yangu. Ilikuwa ya jirani yangu, fundi cherehani kutoka Magharibi, ambaye kwa miaka minne tuligawana ukuta mmoja wa mabati katika mtaa wa Kawangware 46. Mimi ni seremala. Kila Jumapili baada ya kanisa tulijifunza pamoja Linux, mfumo ulioendesha kompyuta ile, kwa kitabu cha fotokopi, sura moja kwa wiki.

Vurugu za kikabila zilipoanza baada ya uchaguzi, alihamia kwa ndugu zake Kianda, upande wa Kibera, akabeba cherehani tu. "Jirani, nichungie mashine," aliniambia. "Nitairudia." Mke wangu na watoto walikuwa wameenda kwetu Machakos kwa Krismasi na nikawaambia wakae huko huko. Vyumba viwili vya kupanga katika ploti yetu vilikuwa vitupu. Karakana niliyofanyia kazi Riruta ilifungwa. Zilipita siku ambazo sikumwambia mtu neno isipokuwa mwenye duka.

Tulikuwa tumefika sura ya kubadilisha kernel, yaani ile programu ya ndani kabisa inayoiwezesha kompyuta kutumia diski, kibodi na kila kifaa chake. Nilidhani nikiifanya sura hiyo peke yangu, Jumapili ingekuwa Jumapili.

Kwa kufuata kitabu, kernel mpya unaijenga mwenyewe. Kabla ya kujenga, mashine inakuuliza maswali mengi: hiki unakitaka, kile unakitaka? Nisichokielewa nilijibu hapana, kwa sababu fundi hapigi msumari asioujua kazi yake. Kazi ilienda tangu asubuhi hadi saa kumi. Mwishowe mashine ikasema diski imejaa.

Katika ploti za kwetu mpangaji mpya haingizi kitanda kabla wa zamani hajatoa chake. Sikuwaza mara mbili. Niliifuta kernel ya zamani, nikaweka mpya, nikazima na kuwasha.

Maandishi meupe yalishuka haraka, yakasimama. Kernel mpya haikuiona diski. Kiendeshi cha diski, yaani kile kipande cha kernel kinachoiwezesha kuisoma diski, kilikuwa miongoni mwa vitu nilivyovikataa, na ya zamani, ambayo ingeniokoa, sikuwa nayo tena.

Mwezi ule watu walikuwa wakirudia vitu walivyowaachia majirani na kukuta kufuli limevunjwa, na jirani hajui lolote. Mashine ya jirani yangu ilikuwa na vipimo vya nguo vya wateja wake wote. Nani angeamini kwamba niliiharibu kwa kusoma? CD tuliyosakinishia Linux ilikuwepo, lakini nilijua kazi yake moja tu: kufuta kila kitu na kuanza upya.

Kwa siku mbili sikumpigia. Siku ya tatu nikampigia.

"Jirani, kuna jambo baya kuhusu mashine."

"Wameichukua?" aliuliza.

"Hapana. Iko hapa. Nimebadilisha kernel, na ya zamani nimeifuta."

"Umefuta ya zamani?"

"Nafasi ilikuwa imeisha."

Alicheka hadi akakohoa. "Wewe mzee! Umenitoa roho bure. Nyinyi watu wa Machakos mnasifika kwa uchawi, na unashindwa na CD?"

Nilikuwa sijasikia utani wa kabila ambao ni utani kweli tangu siku ya kura.

"CD itafuta vitu vyako," nilisema.

"Haifuti ukichagua kuokoa. Soma polepole ule ukurasa wa kwanza unaotokea ukiiweka CD, si unapenda kusoma? Kernel ya zamani imo humo humo. Irudishe mahali pa hiyo mpya."

Nilisoma polepole. Baada ya saa moja mashine iliamka, na vipimo vyote vilikuwepo, hadi mkono wa koti la mchungaji.

Nilipompa habari, alisema vizuri, basi angekuja Jumamosi kuichukua, kwa kuwa amepata chumba huko huko Kianda. Sikuwa nimetarajia kwamba angehama kabisa. Alikuja saa nne na mkokoteni, akasimama barabarani. Hakutaka kuingia ndani ya ploti, nami sikumsihi. Nilimtolea mashine, kisha kioo chake, nikavifunga kwa kamba.

"Ukija Kianda unipigie kwanza," alisema. "Nikupokee njiani."

"Na wewe ukija huku."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akainamia mkokoteni akasukuma.