Aliyeitwa Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitalini Tarime, miaka ya hamsini, Bwana Mganga aliyekuwa mkuu wetu alinisimamisha mbele ya benchi la wagonjwa. "Hawa wanasubiri mno," akasema. "Utawachambua. Aliye mahututi aingie kwanza, hata kama kafika mwisho." Kuchambua ndiko huku: unagusa paji la uso, unatazama macho, unasikiliza pumzi, kisha unaita jina.

Nilikuwa dresa, mtu wa vidonda na bandeji, na wazee hawakunipenda. Kwetu Ukuryani mkubwa hutangulia. Mzee mmoja wa kikohozi aliniita mura, yaani kijana, akauliza, "Mura, huyo mtoto uliyempitisha ni wa ukoo wenu?" Nikakana. Hakuniamini, na mimi sikuwaamini wao. Nilijua wapo wanaojilegeza ili waitwe.

Kumbe mambo bado. Niliowaita kwanza ndio waliokuwa taabani, kwa hiyo wengi walifia ndani. Benchi likaona. Watu wakanong'ona kwamba dresa akikuita kwanza, kesho huioni. Basi wakaanza kuficha ugonjwa. Mtu anatetemeka kwa homa, ukimuuliza anasema kaja kumtazama ndugu.

Asubuhi moja nilimtilia shaka Mama Chacha, wa upande wa Sirari, aliyekaa nyuma kabisa akiwa amemfunika mwanawe shuka.

"Mama, mtoto ana nini?"

"Amelala tu."

Nikafunua. Degedege limemshika, macho yamegeuka juu. Kabla sijasema neno, mama akanidaka mkono. "Usimwite, mura. Nakuomba, usimwite jina."

Hasira ilinipanda, na huruma pia. Sikumwita. Nilikimbilia sindano ya kwinini, nikamchoma mtoto pale pale, akiwa mapajani mwa mama yake. Bwana Mganga akatoka akifoka, "Nani kakuruhusu kutibu benchini?"

Mchana Chacha alilia akitaka uji. Nilifurahi mno, nikadhani uvumi umekwisha. Wapi. Mama yake alikwenda kusimulia sokoni kwamba mwanawe alipona kwa sababu dresa hakumwita.

Nilihamishiwa Kisaka, kisha Natta, nikastaafia Ikoma. Kote huko sikuita tena jina la mgonjwa mahututi. Nilimwendea, nikamshika mkono, tukaingia.

Juzi nilipelekwa hospitali mwenyewe, kifua kimebana. Muuguzi, binti mpole, alilipita benchi zima akanijia mimi niliyefika mwisho.

"Shikamoo, babu. Tuanze na wewe."

"Marahaba, mjukuu wangu," nikamwambia. "Mimi sijambo. Anza na hao."